UZI WA RAKETI NA MKONO WA ASKARI

Jioni moja ya hivi karibuni tuliketi katika ukumbi wa kambi moja ya polisi mjini Kampala kutazama mashindano madogo ya mchezo wa vinyoya, yaani badminton, baina ya askari wa vikosi viwili. Upande mmoja wa wavu alisimama konstebo kijana, mwenye mabega mapana na raketi mpya inayong'aa. Upande wa pili alisimama sajini aliyekaribia kustaafu, ambaye raketi yake ilikuwa imebanduka rangi na mpini wake umezungushiwa kitambaa. Wengi waliokuwamo ukumbini walidhani kazi itakwisha upesi. Ilikwisha upesi kweli, lakini si kwa namna waliyoidhania. Konstebo alishindwa seti mbili kwa sifuri, 21 kwa 13 na 21 kwa 11. Kila alipojaribu kukirudisha kinyoya kutoka nyuma ya uwanja wake, kilikufa njiani na kushuka katikati ya uwanja wa mwenzake, mahali ambapo mzee alikuwa akikingoja kama paka aliyekwisha kumwona panya.

"Kijana hana mkono," walinong'ona watazamaji. Naye mwenyewe, alipokuja kuketi karibu nasi huku akijisugua kiwiko, alitwambia kwamba alikuwa akifikiri kuuacha mchezo huo na kurudi kwenye kandanda. Zilikuwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya kuchaguliwa timu ya kikosi chake.

Tuliomba kuziona raketi zote mbili. Tulipozibonyeza nyuzi za sajini kwa kidole gumba, zilibonyea kidogo kisha zikarudi mahali pake. Tulipozibonyeza za konstebo, hazikusogea; ilikuwa kama kubonyeza sahani ya bati. Tukamwuliza ni nani aliyeiwamba raketi ile, na kwa mkazo gani. Akajibu kwamba fundi alimwuliza anataka ratili ngapi, naye akasema 30, kwa kuwa alisikia kwamba mabingwa wa dunia hutumia hizo. Raketi ya sajini ilikuwa imewambwa kwa ratili 21.

Tangu siku hiyo tumeona kwamba jambo hili lafaa kuelezwa kwa urefu, maana aghalabu mchezaji wa kambini hujua jina la raketi yake, huijua bei yake, hata huujua uzito wake, lakini haujui uzi wake. Na hali katika raketi nzima, kitu pekee kinachokigusa kinyoya ni uzi. Fremu haikigusi, ila kwa bahati mbaya.

MCHEZO ULIOKUZWA KAMBINI

Si ajabu kuwaandikia askari habari za mchezo huu, kwa sababu mikono ya askari imo katika malezi yake. Kanuni zake za mwanzo ziliandikwa katika miaka ya 1870 huko Poona, nchini India, na maofisa wa jeshi la Waingereza waliokuwa wakiishi kambini. Waliporudi kwao waliuchukua mchezo huo pamoja na mizigo yao, nao ukapewa jina la Badminton, ambalo ni jina la jumba la Mtemi wa Beaufort katika jimbo la Gloucestershire. Mwaka 1893 chama cha kwanza cha mchezo huo katika Uingereza kilitangaza kanuni zake kutoka katika nyumba moja mjini Portsmouth, mji wa manowari na kambi.

Kwa miaka mingi raketi za watu hao zilikuwa za mti, na nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa wanyama uliosafishwa, ukasokotwa na kukaushwa. Uzi wa utumbo ulisifiwa sana kwa wepesi wake wa kujibu pigo, lakini ulichukia unyevu, ulikatika upesi na bei yake ilikuwa kubwa. Nailoni ilipovumbuliwa huko Marekani mwaka 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont, mambo yalianza kubadilika. Nyuzi nyingi za badminton za siku hizi ni za nailoni. Ukiukata uzi mmoja na kuutazama kwa kioo cha kukuzia, utaona kwamba si uzi mmoja hasa, bali ni nyuzi nyembamba mno, nyingi, zilizokusanywa pamoja, zikasukiwa nyingine kwa nje na kupakwa utandu laini.

Wanajeshi hawajauacha mchezo huu. Lin Dan wa China, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki huko Beijing mwaka 2008 na tena London mwaka 2012, alilelewa tangu utotoni katika timu ya jeshi la nchi yake, na aliposhinda alisimama akapiga saluti mbele ya dunia nzima. Hapa kwetu Uganda, Edwin Ekiring alicheza katika Olimpiki hiyo hiyo ya Beijing, na mwaka 2024 wanawake wetu walifika Chengdu, China, kushindania kombe la Uber.

NGOMA NA ADUNGU

Basi uzi hufanya nini? Anayejua kuwamba ngoma ataelewa mara moja. Ngozi iliyolegea hutoa sauti nzito, na kijiti kikipigwa juu yake huzama kabla ya kurudi. Ngozi iliyokazwa hutoa sauti kali, na kijiti huruka papo hapo. Ndivyo ilivyo raketi. Kinyoya kikifika, kichwa chake kilicho kama kizibo cha chupa husukuma nyuzi nyuma, nyuzi hunyoka na kuweka ndani yake nguvu ya pigo, kisha hurudi na kukirusha. Yote haya hutendeka kwa muda upatao sehemu moja katika elfu ya sekunde.

Nyuzi zilizolegea kiasi hubonyea zaidi, hukishika kinyoya kitambo kidogo zaidi, na hukirusha kama kombeo. Mtu mwenye mkono mdogo atakipeleka kinyoya mpaka mstari wa nyuma bila kujitesa. Lakini kwa kuwa kinyoya kimekaa zaidi juu ya nyuzi, na nyuzi zimebonyea zaidi, si rahisi kujua kitatoka kwa pembe gani hasa. Nyuzi zilizokazwa sana hazibonyei. Kinyoya huondoka mara moja, pale pale mchezaji alipokielekeza, na mkono husikia kila kitu. Lakini nguvu yote haina budi itoke kwa mchezaji mwenyewe, kwani uzi haumsaidii.

Liko na jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi sana. Katika kila raketi mna eneo fulani karibu na katikati ambamo pigo huwa tamu. Kinyoya hutoka bila mtikisiko wowote. Kadiri nyuzi zinavyokazwa, ndivyo eneo hilo linavyopungua. Bingwa hupiga ndani ya eneo hilo dogo mara nyingi sana. Sisi wengine hupiga popote, na raketi iliyokazwa humwadhibu mkosaji kwa kumtikisa kiwiko na bega.

Katika hili tunasema kwa ushahidi wa mwili wetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nasi tulimwambia fundi atuwambie kwa ratili 28, kwa sababu tulimwona mtu mmoja hodari akifanya hivyo. Wiki ya kwanza tulifurahia sana mlio wake, maana uzi uliokazwa hulia kama risasi, na mlio humdanganya mchezaji kwamba amepiga kwa nguvu. Wiki ya tatu hatukuweza kuinua birika la chai kwa mkono wa kulia. Kwa mwandishi hilo ni taabu ndogo. Kwa askari ambaye mkono huo huo ndio wa kushikia bunduki zamu ya usiku, si jambo la mzaha hata kidogo.

RATILI NGAPI?

Mashine nyingi za kuwambia raketi bado hupima kwa ratili za Kiingereza, na ratili moja haifiki nusu kilo. Ratili 20 ni kilo 9 na kitu. Ratili 24 ni kama kilo 11. Ratili 30 ni kilo 13 na nusu hivi. Hesabu hiyo ni ya uzi mmoja tu. Raketi ya kawaida ina nyuzi 22 za wima, kwa hiyo kwa ratili 30 nyuzi za wima peke yake huivuta fremu kwa nguvu ya karibu kilo 300, yaani magunia matatu ya mahindi yaning'inie kwenye kitu chenye uzito usiofika hata gramu 100. Ndiyo sababu viwanda huandika juu ya raketi kiwango cha mkazo ambacho haifai kukipita, na ndiyo sababu mafundi wazuri huzikaza nyuzi za mlalo kwa ratili moja au mbili zaidi ya zile za wima, ili fremu isipoteze umbo lake.

Kanuni za mchezo hazina neno juu ya mkazo. Hutaja urefu wa raketi, usiozidi milimita 680, na upana usiozidi milimita 230. Hutaka nyuzi zipishane na zilingane pande zote. Lakini kama umekaza kwa 18 au kwa 35, mwamuzi hakuulizi. Uhuru huo ndio unaowapoteza wengi.

Anayeanza kucheza, au anayecheza mara moja kwa wiki, na akaze baina ya 20 na 23. Aliyekwisha kukomaa, ambaye pigo lake la juu hufika mstari wa nyuma kila mara bila ya kujikaza, aweza kupanda hadi 24, 25, 26. Wanaume wa daraja la dunia mara nyingi huwa baina ya 28 na 32, wengine hupita hapo. Lakini hao wamepiga kinyoya tangu walipokuwa watoto, mkono wao wenyewe ndio kombeo, na raketi ikikatika uzi huwa na nyingine tano begani. Mwaka 2023 huko Japani, Mhindi Satwiksairaj Rankireddy alipimwa akishindilia kinyoya kwa mwendo wa kilomita 565 kwa saa. Mkono wa namna hiyo hauhitaji msaada wa uzi, unahitaji kuongozwa. Wa kwetu unahitaji msaada kwanza.

Mahali pa kuchezea nako kuna neno. Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Kinyoya hakizuiwi sana, kwa hiyo huenda mbali zaidi kuliko kingekwenda Mombasa au Dar es Salaam kwa pigo lile lile. Dawa ya kwanza ni kuchagua vinyoya vya mwendo wa polepole, lakini kambini hucheza na vinyoya vilivyopatikana. Hapo mchezaji aliyekomaa aweza kuongeza ratili moja ili apate kukitawala kinyoya. Ratili moja, si saba.

UNENE

Mkazo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni unene. Nyuzi za badminton huwa baina ya milimita 0.61 na 0.70, tofauti ambayo jicho haliioni lakini mkono huitambua siku hiyo hiyo. Uzi mwembamba hunyumbuka upesi, hulia kwa sauti kali, hukirusha kinyoya kwa uhai. Lakini hukatika. Uzi mnene humpa mpigaji hisia ya ulaini na uzito, hausemi sana, bali hudumu.

Katika nyuzi zijulikanazo sana, BG65 ya kampuni ya Yonex ina unene wa milimita 0.70, na ni mara nyingi tumeikuta katika kambi na shule kwa sababu ya uvumilivu wake. BG66 Ultimax ina 0.65, ni tamu lakini haina maisha marefu. BG80 ina 0.68, nayo ni ngumu mkononi, kwa kuwa imechanganywa na nyuzi za Vectran, zile zile zilizoshonewa mifuko ya hewa iliyokiangusha salama chombo cha Mars Pathfinder juu ya sayari ya Mars mwaka 1997. Iko na Aerobite, ambayo nyuzi zake za wima ni za 0.67 na za mlalo ni za 0.61, tena zile za wima zina ngozi ya kukwaruza ili zikishike kinyoya kinapokatwa kwa ubavu.

Kwa nini uzi hukatika? Watu hufikiri ni kwa sababu ya nguvu. Mara nyingi ni msumeno. Kila kinyoya kinapopiga, nyuzi za wima husogea na kurudi juu ya zile za mlalo, zikisuguana mahali pale pale, mpaka vinatokea vijitaro vidogo unavyoweza kuvisikia kwa ukucha. Uzi wa 0.65 una nyama kidogo ya kuliwa na msumeno huo kuliko wa 0.70, nao ukikazwa zaidi, msumeno huuma zaidi. Sababu nyingine ni kupiga karibu na fremu, ambako uzi ni mfupi na hauna nafasi ya kunyumbuka. Kwa hiyo mchezaji asiyepiga katikati, tena akataka uzi mwembamba uliokazwa sana, amejichagulia njia tatu za kumtajirisha fundi.

RAKETI YA KAMBINI

Tumeona katika kambi nyingi kwamba raketi moja huchezewa na watu watano, na uzi wake huwa ule uliotoka nao kiwandani. Uzi hufa kabla ya kukatika. Siku ya kwanza tu baada ya kuwambwa huweza kupoteza hata sehemu moja katika kumi ya mkazo wake, kisha huendelea kulegea polepole, iwe raketi inachezewa au imetundikwa ukutani. Kwa hiyo raketi iliyosemekana ni ya 24 mwaka jana, leo haijulikani ni ya ngapi. Mpiga adungu hangoji uzi ukatike ndipo aushughulikie; husikiliza, na sauti ikishuka hukaza. Mchezaji naye na apige nyuzi kwa kifundo cha kidole, asikilize. Mlio ukiwa mzito kuliko ule alioujua, mkazo umeshuka. Siku hizi ziko hata programu za simu zinazousikiliza mlio huo na kutaja ratili zake.

Hapa ngoma na raketi huachana. Ngoma huanikwa motoni ili ngozi ikaze, lakini nailoni ikipata joto hulegea. Raketi iliyoachwa ndani ya gari adhuhuri, au chini ya mabati ya nyumba ya walinzi, hutoka humo si ile iliyoingia. Unyevu nao huilainisha nailoni. Kifuko kikavu na kivuli havigharimu kitu.

Uzi mmoja ukikatika, mkate zilizobaki mara moja, mkianzia katikati na kwenda nje kwa zamu, upande huu na upande ule. Mkiziacha zikae nusu, fremu huvutwa na upande mmoja na huweza kupinda au kupasuka, na hapo si uzi tena, ni raketi. Jambo hili tumelieleza mara nyingi, na bado tunaziona kambini raketi zenye uzi mmoja uliokatika zikingoja mshahara.

Habari ya gharama nayo ina njia. Raketi moja hutumia uzi wa mita 10. Uzi huuzwa kwa vipande vya raketi moja, lakini huuzwa pia kwa gurudumu la mita 200, ambalo latosha raketi 20. Kikosi kikichanga na kununua gurudumu moja la uzi mnene wa 0.70, kila raketi hutoka kwa bei ndogo kuliko kununua kipande kimoja kimoja, na wote huwa wanacheza kwa uzi mmoja, wa mkazo mmoja unaojulikana. Kisha kibandikwe kipande cha karatasi penye mpini: tarehe na ratili. Askari anayejua tarehe ya kusafishwa bunduki yake hatashindwa na hilo.

Turudi kwa konstebo wetu. Siku ile ile, sajini alimkabidhi raketi yake iliyobanduka rangi. "Piga kwa hii, mwanangu," alimwambia, "na usitumie nguvu." Kinyoya cha kwanza kilipita juu ya vichwa vyetu na kuanguka nje ya mstari wa nyuma. Kijana akaitazama raketi, akamtazama mzee. "Afande, mkono huu ni wangu kweli?" Juma lililofuata aliikata nyuzi zake zote, akarudi kwa fundi na kuagiza uzi wa 0.70 kwa ratili 22. Alipigwa tena na sajini, mara hii 21 kwa 18 na 21 kwa 17, na kiwiko hakikumwuma. Timu ya kikosi itachaguliwa Jumamosi.